Maswali na Majibu: Kampuni Ikipatwa na Janga, Kiongozi Aseme Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, naongoza kampuni ya watu wapatao 80 inayotengeneza mabirika ya umeme. Ndani ya wiki moja tumepokea malalamiko matatu kwamba mpini wa toleo letu jipya hulegea maji yakichemka, na mteja mmoja ameungua mkono. Mwanasheria wetu ananisihi nisitamke lolote mpaka uchunguzi ukamilike, ilhali meneja wa mauzo anataka tutoe taarifa leo hii. Nimsikilize nani?
Mkurugenzi

JIBU: Ndugu Mkurugenzi, nakupa pole, na zaidi nampa pole huyo aliyeungua. Kabla ya neno lolote, simamisha mauzo ya toleo hilo, kwa sababu taarifa inayosema kwamba mnajali usalama wa wateja huku mabirika yaleyale yakiendelea kupangwa madukani itakuumbua kuliko kimya.

Mwanasheria wako ana hoja moja ya kweli: usikisie chanzo. Ukitangaza leo kwamba kosa ni la aliyewauzia skrubu, kisha kesho ikabainika kuwa ni la mafundi wako, watu watakutilia shaka hata utakaposema kweli. Lakini kujizuia kukisia si sawa na kunyamaza. Hata sasa unayajua mambo matatu yanayomhusu mtu aliyeshika birika lako: kwamba mpini wa toleo hilo umelegea kwa wateja watatu na mmoja ameungua, kwamba aache kulitumia mara moja na alirudishe, na kwamba utazungumza tena siku fulani, saa fulani. Taarifa ya namna hiyo haizidi mistari sita, nayo inaweza kuandikwa mwanasheria akiwa ameketi pembeni yako.

Tazama yaliyotokea mwaka 1982 katika eneo la Chicago, nchini Marekani, ambako watu saba walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu, vilivyotiwa sumu ya sianidi. Sumu hiyo haikutoka kiwandani. Kwa kadiri ya uchunguzi, kuna mtu aliyeitia dawa ilipokwisha kufika madukani. Kampuni ya Johnson & Johnson, mmiliki wa dawa hiyo, ingeweza kujitetea kwa hoja hiyo na kungoja polisi. Badala yake iliwatahadharisha watu wasitumie dawa hiyo, ikarudisha chupa takriban milioni 31 kwa gharama iliyozidi dola milioni 100, kisha ikairejesha sokoni katika vifungashio ambavyo mnunuzi angeweza kuona kama vimeguswa. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo, maana yake ni kwamba kampuni ile ingengoja uchunguzi ukamilike, ingekuwa bado imenyamaza.

Zingatia pia nani asikie kwanza. Mteja aliyeungua umpigie simu wewe mwenyewe, wala usimwachie afisa wa huduma kwa wateja, na usimpigie ili kumwomba asiseme. Baada yake ni wafanyakazi wako, na hapa ndipo viongozi wengi wanapokosea, kwa kuwa huwaacha watu wao wasome habari za kiwanda chao kwenye simu kama wapita njia. Dereva wenu ataulizwa na majirani jioni ya leo. Anayepokea simu mapokezi ataulizwa hata kabla ya hapo, na asipopewa la kusema atasema alichokisikia kwenye ngazi. Wakusanye, waeleze kile utakachowaeleza wengine, uwaachie nafasi ya kuuliza, kisha ndipo uwaendee wauzaji na umma, yote siku hiyohiyo.

SWALI: Mimi ni afisa mawasiliano. Mtu asiyejulikana ameingia katika mfumo wetu na kuchukua majina na namba za simu za wateja. Bosi wangu ameidhinisha tamko hili: “Tunasikitika kwamba kumetokea hitilafu iliyosababisha baadhi ya taarifa kuvuja. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza.” Naona kuna kasoro, lakini nashindwa kuieleza.
Afisa Mawasiliano

JIBU: Kasoro yake ni kwamba hamna mtu ndani yake. Hitilafu “imetokea”, taarifa “zimevuja”, usumbufu “umejitokeza”, kana kwamba kila kimoja kilijiendea chenyewe na kampuni ilikuwa mtazamaji tu. Lugha yetu ina vitenzi vingi vya kumficha mtendaji, na siku ya janga ndipo kalamu zetu huvikimbilia. Neno “wowote” nalo linamwambia aliyeibiwa kwamba hamjajishughulisha kujua amepatwa na nini.

Mwombe bosi wako asome haya kwa sauti: “Hatukuzilinda taarifa zenu kama tulivyoahidi. Mtu asiyeruhusiwa amechukua majina na namba zenu za simu. Akikupigia mtu akijitambulisha kuwa ametoka kwetu na kukuuliza neno lako la siri, usimpe.” Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu inampa mteja la kufanya.

Msicheleweshe. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, iligundua wizi wa aina hii tarehe 29 Julai ikautangaza tarehe 7 Septemba, na watu takriban milioni 147 waliohusika wakakosa wiki zote hizo za kujilinda. Sheria ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu 2018 inatoa saa 72 tu za kuijulisha mamlaka husika. Ulizeni sheria inayowahusu inasemaje.

Na bosi asizungumzie uchovu wake. Baada ya mlipuko wa kisima cha mafuta cha BP katika Ghuba ya Meksiko mwezi Aprili 2010, uliowaua wafanyakazi 11, mkurugenzi mkuu Tony Hayward aliwaambia waandishi kwamba angependa kurudishiwa maisha yake. Aliomba radhi, lakini familia 11 zilikuwa zimeshasikia, na kufikia Oktoba nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mwingine.

SWALI: Je, ni lazima mkurugenzi azungumze mwenyewe, au msemaji anatosha?
Msomaji

JIBU: Pakiwa na aliyeumia au aliyekufa, azungumze mwenyewe, na afike mahali penyewe. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwezi Machi 1989, takriban wiki tatu zilipita kabla mwenyekiti wa Exxon, kampuni yenye meli hiyo, hajafika huko, na wavuvi walioharibikiwa bahari yao waliuona ukimya huo kuwa ndilo jibu. Maswali ya kiufundi mhandisi ayajibu, tena akiwa ameketi kando ya mkurugenzi. Baada ya siku ya kwanza msemaji anaweza kuendelea, mradi saa iliyoahidiwa ikifika awepo, hata kama siku hiyo la kusema ni moja tu: kwamba mafundi bado wanapima, na kwamba atarudi kesho saa nne asubuhi.