Usiku wa gala melini: taksido si lazima

Dada, umeuliza kama mzee wako lazima anunue taksido, ile suti ya sherehe ya tai ya kipepeo, ndiyo aingie kula usiku wa gala, yaani jioni ya mavazi rasmi, kwenye meli ya Queen Mary 2, Southampton hadi New York. Hapana. Suti nyeusi au ya bluu iliyokolea, shati jeupe na tai vinatosha kabisa. Safari ya siku 7 kwa kawaida ina gala 2 tu, na sharti la mavazi huanza saa 12 jioni.

Tena vazi rasmi la kwenu linakubalika. Kama ana kanzu nzuri, ile yenye darizi kifuani, na koti jeusi juu yake na kofia ya viua, avae hiyo! Kwangu mimi inapendeza kuliko taksido ya kukodi inayombana mabegani. Wewe vaa gauni refu, hata la kitenge likishonwa vizuri. Ila viatu viwe na kisigino kifupi, kipana. Atlantiki ya kaskazini huyumbisha meli, na ngazi na kisigino chembamba haviendani hata kidogo.

Usibebe pasi, maana vyumbani hairuhusiwi kwa kuhofia moto. Kuna chumba cha kufulia chenye pasi za abiria. Nendeni asubuhi, jioni ya gala foleni huwa ndefu.

Na siku mkichoka kuvalia, nendeni Kings Court, mgahawa wa humo melini, mkajipakulie chakula wenyewe. Huko hakuna atakayewadai tai.