Umeme kukata sio ishu, ishu ni ukirudi: maswali yenu wiki hii

Fundi, huku kwetu Mbagala umeme unakata unarudi, nimeshaua friji moja na hii ya pili imeanza kunguruma. Nifanyeje?

Friji haliuliwi na giza mama, linauliwa na ule umeme unaorudi, maana unaweza kurudi juu au chini sana ya ile 230 ya kawaida, dakika haijaisha umekata tena, afu kompresa inalazimishwa kuwaka wakati presha ya gesi ndani haijatulia, inakwama, inavuta umeme mwingi, inachemka mpaka koili inaungua. Sasa ukikata tu chomoa friji na TV, acha taa moja imewashwa iwe ndo shushushu wako. Ikiwaka subiri dakika kama 5 ndo uchomeke. Friji gadi nayo nunua, hiyo inakusubiria yenyewe hata kama haupo.

Nyama itakaa mda gani?

Friji la kawaida masaa 4 hivi kama hamlifungui fungui, friza lililojaa linafika 48, la nusu 24. Ukisafiri gandisha maji kwenye kikombe, juu ya barafu weka shilingi mia. Ukirudi ukaikuta mia imezama chini, hiyo nyama usimpikie mtu.

Shawa ya moto inatutekenya tukigusa bomba, mwenye nyumba anasema tuvae ndala.

Hizo ndala nazisikia kila siku jamani na zinanikera kweli. Ndala imelowa, mkono upo kwenye bomba la chuma, mwingine umeshika ukuta wenye maji, sasa itakukinga nini? Leo unatekenywa, siku umeme ukivuja zaidi unang'ang'aniwa hapo hapo na sabuni machoni. Zima breka ya hiyo shawa, ogeni maji ya ndoo. Nikifungua shawa za hivi mara nyingi nakuta ule waya wa ethi, wa kijani na njano, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, umekunjwa pembeni, haujafungwa popote, au umefungwa vizuri kabisa ila huko nje hamna hata nondo ya ethi ardhini! Mwambieni mwenye nyumba alete fundi mwenye leseni ya EWURA, apime ethi, afu afunge na breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30. Ni hela ndio, ila ni nyumba yake.

Ekstensheni yangu inapata moto nikipiga pasi huku jagi linachemsha maji, ni kawaida?

Sio kawaida. Soketi ya ukutani ni ampia 13, yaani wati kama 2,990 mwisho. Jagi 2,000, pasi ya mvuke 2,000, hesabu unaiona, na hizi ekstensheni za bei chee waya wake mwembamba hata hiyo 13 haubebi. Kuna siku nilifungua plagi ya mteja nikakuta fyuzi imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, plastiki imeshakuwa kahawia. Jagi lichomekwe ukutani.

Jenereta naweka koridoni lisiibiwe, na nachomeka soketini kwa kebo ya plagi mbili. Sawa?

Zote mbili hapana! Moshi wake una gesi isiyo na harufu, mnalala hamuamki, litoe nje mbali na madirisha ulifunge mnyororo. Na hiyo kebo itupe leo, funga chenji ova, ile swichi ya kuchagua umeme wa nguzo au wa jenereta, maana umeme wako unatoka mpaka kwenye nguzo ambako kuna fundi kapanda akijua laini imezimwa, na ule upande wa pili wa plagi ukichomoka una umeme na watoto wapo hapo hapo koridoni.