Sanduku la Wasomaji: Mwanafunzi Anapomsifia Mwenzake Riwaya

Swali: Mhariri, pokea salamu kutoka Ilemela, Mwanza. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa iliyo karibu na mwalo wa kupokelea samaki, na wengi wa wanafunzi wangu ni watoto wa wavuvi, wa mama lishe na wa akina mama wanaoanika dagaa. Mwezi uliopita niliwaagiza wanafunzi wa kidato cha pili kwamba kila mmoja aandike nusu ukurasa wa kumpendekezea mwenzake riwaya aliyoisoma na kuifurahia. Karibu wote waliniletea maneno yale yale: riwaya inaelimisha jamii, inakemea maovu, inaonyesha nafasi ya mwanamke. Tuliyabandika maandishi yao ukutani, lakini hadi leo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekuja kuniomba kitabu kwa sababu ya alichokisoma pale. Naambatanisha kazi nne uzione. Nimekosea wapi?
*Mwalimu wa Kiswahili, Ilemela*

Jibu: Mwalimu, nimezisoma kazi zote nne, tena zaidi ya mara moja. Tatu kati yake zingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajapata kukigusa kitabu chenyewe, kwa kuwa maneno yaliyomo ndiyo yaliyomo katika miongozo inayouzwa kwenye kila steshenari mjini. Usiwakasirikie watoto. Hawakukudanganya, bali walikupa kile ambacho mtihani umewazoesha kutoa: dhamira, migogoro, ujumbe, na mifano miwili kwa kila hoja. Uchambuzi wa namna hiyo una mahali pake, na mimi si miongoni mwa wanaotaka uondolewe darasani. Lakini kumsifia mwenzio riwaya ni kazi nyingine kabisa. Anayesifia anatoa ushahidi, na shahidi hatakiwi kueleza maana ya tukio kabla hajasema alikuwa wapi, aliona nini, na ni kitu gani kilichomfanya asimame.

Kazi ya nne ni ya mvulana aliyesoma *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert. Ameandika hivi, na ninanukuu kama ilivyo: “Kuna liwali mwema sana lakini kila usiku anakwenda na mjeledi kuwachapa manyani wawili. Nilisoma mpaka taa ya sola ikazima kwa sababu nilitaka kujua wamemkosea nini. Asubuhi nikaendelea kusoma njiani nikachelewa paredi. Mwanzoni maneno ni magumu, usiogope, songa mbele tu.”

Pembeni mwa maneno hayo, Mwalimu, kalamu yako nyekundu imeuliza: “Dhamira ziko wapi?” Na chini yake nimeona alama nne kati ya kumi.

Naomba umrudishie mtoto huyo alama zake. Katika kazi zote ulizonitumia, yake ndiyo pekee iliyonifanya niinuke kwenda kukitafuta kitabu kwenye rafu, ingawa nilikisoma miaka mingi iliyopita na ninajua vizuri manyani wale ni akina nani. Yeye pia anajua, lakini hakusema. Amelifikisha swali hadi mlangoni kwa mwenzake akaliacha pale, na hiyo ni adabu ya msimuliaji ambayo watu wazima wengi hawanayo. Halafu hakuficha ugumu. Kitabu kile kilitoka mwaka 1952, na Kiswahili chake kina misamiati ambayo mtoto wa leo wa Kirumba au Igombe hajawahi kuisikia nyumbani. Mtoto akikipokea bila kuonywa atakifunga ukurasa wa tatu na kudhani kwamba yeye ndiye mjinga, lakini akionywa na mwenzake aliyevuka salama atavumilia. Na kuhusu paredi, ninajua ni kosa la nidhamu, lakini kwa msomaji wa miaka kumi na minne hakuna sifa ya kitabu inayozidi habari kwamba kilimchelewesha mtu shuleni.

Itazame sasa kazi ya binti aliyeandika kuhusu *Watoto wa Mama N’tilie* ya Emmanuel Mbogo. Ameandika kwamba riwaya hiyo “inaonyesha hali ya umaskini katika jamii”, akaishia hapo. Umenieleza kwamba baadhi ya wanafunzi wako mama zao hupika na kuuza chakula mwaloni. Ikiwa binti huyu ni mmoja wao, basi anakifahamu kitabu kile kuliko mwandishi yeyote wa mwongozo, kwa kuwa anajua harufu ya sufuria alfajiri na anajua siku ambayo chakula kimebaki maana yake ni nini kwa ada na sare. Mwite kando, umuulize swali moja tu: Peter na Zita, wale watoto wa Mama N’tilie, walipofukuzwa shule, wewe ulikumbuka nini? Asipotaka kusema, usimlazimishe, kwa kuwa si kila kumbukumbu ni ya kubandikwa ukutani. Akikubali, mwambie aandike hicho hicho alichokuambia, bila kukipeleka kwanza kwenye lugha ya mtihani.

Sasa niseme juu ya ule ukuta. Husemwa kwamba chema chajiuza, lakini kwa vitabu vilivyofungiwa kabatini sijaona methali hiyo ikitimia. Maandishi ya ukutani yanasifu kitu ambacho msomaji hakioni, na mtoto aliyevutiwa saa nne ya mapumziko atakuwa amepoa saa nane, ufunguo wa kabati utakapopatikana. Mimi nilipata kupenda riwaya nikiwa shule ya bweni kando ya ziwa hili hili la Victoria. Kijana mmoja aliyelala kitanda cha juu yangu alitusimulia usiku habari za Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko katika *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, riwaya iliyotoka mwaka 1960. Alitufikisha hadi maiti ilipokutwa mzimuni, akanyamaza. Tulimbembeleza, akakataa. Kisha akaingiza mkono chini ya godoro akatoa kitabu chenyewe, jalada lake likiwa limeshonwa kwa uzi wa nyavu, ule uzi mgumu wa nailoni ambao baba yake alikuwa akishonea makokoro, na kila mshono umefungwa fundo la wavuvi. Alikitia mikononi mwangu akasema, “Siku mbili.” Hadi leo ninakumbuka namna nyuzi zile zilivyokuwa zikikwaruza vidole kila nilipofunua ukurasa. Sifa ilitolewa, na kitabu kikafuata muda ule ule. Bila kitabu mkononi, simulizi lile lingekuwa limekwisha kabla ya kengele ya asubuhi.

Kwa hiyo zoezi lako usilitupe, ila libadilishe. Toa dakika kumi kila Ijumaa, wanafunzi wawili au watatu wasimame mmoja mmoja na kitabu mkononi, waeleze kwa mdomo mahali pamoja tu waliposhindwa kukiweka chini, kisha wakikabidhi papo hapo kwa atakayenyoosha mkono. Daftari la kuazimia alishike mwanafunzi, si wewe. Ndani ya jalada ibandikwe karatasi ambayo kila anayerudisha kitabu ataongeza sentensi yake, na awe huru kuandika kwamba hakukipenda na kwa nini, maana mahali ambapo kila kitabu ni kizuri hakuna anayeamini sifa ya kitabu chochote. Kama nakala ni chache, anza na hizo chache. Vilevile Maktaba ya Mkoa ipo pale mjini Mwanza, na safari moja ya darasa zima, kila mtoto akiruhusiwa kushika na kufunua apendavyo, itakupa mapendekezo zaidi kuliko orodha yoyote utakayoiandaa mwenyewe.

Swali: Binti yangu ana miaka kumi na minne na yuko kidato cha pili. Amekuja nyumbani na *Rosa Mistika*, anasema rafiki yake ameisifu sana darasani. Mimi niliisoma zamani na ninajua yaliyomo. Nimnyang’anye?
*Mama, Nyakato*

Jibu: Mama, usimnyang’anye. Wasiwasi wako ninauelewa, na si wa kwako peke yako: riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Ndani yake mna ukatili wa baba mlevi, mna kutoa mimba na mna kujiua, na kama ungeniuliza kabla kitabu hakijafika nyumbani ningesema asubiri hadi kidato cha tatu au cha nne. Lakini kimekwisha kufika, na kimeletwa na sifa ya rafiki. Ukikichukua leo, kesho atakisoma kwenye daladala, na utakuwa umepoteza nafasi ya kuzungumza naye.

Kisome tena wewe mwenyewe, sura kwa sura pamoja naye. Kwa mtoto wa huku kwetu kitabu kile kina uzito wa pekee kwa sababu Rosa anatoka Namagondo, Ukerewe, kijiji alikozaliwa mwandishi mwenyewe, na anakuja kusoma hapa Mwanza. Binti yako anaijua njia ile na anaijua meli ile. Muulize ni wapi Zakaria, baba yake Rosa, alikosea katika kumlinda bintiye, kisha mwache aseme hadi amalize. Nadhani utasikia mambo ambayo hungeyapata kwa kumhoji. Na ukiweza, mshauri amweleze rafiki anayefuata kwamba kitabu hiki kinaumiza, ili anayekipokea ajue anachokipokea.

Nyumbani kuwe pia na kitabu cha pili mezani. *Siku Njema* ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, inafaa sana umri wake: kijana Kongowea anatoka Tanga na kuvuka hadi Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Mna huzuni humo, lakini msomaji anatoka na nguvu.

Swali: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza hapa Nansio. Nimesoma kile kitabu kikubwa cha Myombekere na Bugonoka, babu ndiye anacho. Nilipowaambia wenzangu wakisome walicheka, wakasema hicho ni tofali. Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Ukerewe*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwanza hongera, kwa kuwa umesoma kitabu ambacho walimu wengi wa fasihi wamekitaja bila kukimaliza. Unapaswa kujua pia kwamba umekisoma nyumbani kwao mwandishi. Mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alikuwa wa kisiwani kwenu; alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapaji, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kilichapishwa mwaka 1980, miaka thelathini na mitano baadaye. Alifariki mwaka 1981. Wenzako wakicheka unene wake, waeleze muda huo uliopita.

Lakini usianze na hayo, maana sifa za mwandishi hazimfanyi mtu afungue ukurasa. Usiwaambie wakisome kitabu kizima pia. Chagua kipande kimoja. Mimi ningechagua pale Myombekere, ambaye mkewe, Bugonoka, amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndoa haijapata mtoto, anapokwenda ukweni kumrudisha na kutozwa faini ya pombe ya ndizi. Mwandishi hatuambii tu kwamba pombe ilipikwa. Anatuonyesha ndizi zinavyoandaliwa hatua kwa hatua, hadi msomaji anajihisi amesimama pale pale na mikono imelowa. Wenzako wengi wana bibi au babu anayeijua kazi hiyo. Wasomee kurasa hizo mbili au tatu kwa sauti, chini ya mti, wakati wa mapumziko, kisha uwaulize kama ndivyo inavyofanywa kwao. Watabishana. Wakati wanabishana, fungua tena kitabu usome mstari unaojibu ubishi.

Kisha funga. Usiwaambie kama Bugonoka alirudi. Atakayekufuata jioni kukuuliza, mpeleke kwa babu, amuombe kitabu mwenyewe kwa adabu, na kabla hamjakitoa nje mlifunike jalada kwa gazeti, kwa sababu nakala za kitabu hicho si nyingi na ya babu lazima irudi salama.