Unaanza kuzifuatilia nchi za Sahara na Saheli? Anza na jedwali la uanachama

Kosa linalojirudia katika ripoti za wachambuzi wageni ni kuziandika nchi zinazoizunguka Sahara kana kwamba zina jumuiya moja. Hazina. Jumuiya zimepandana, na nchi inaweza kutoka kwenye moja huku ikibaki kwenye nyingine. Sisi wa Afrika Mashariki hali hiyo tunaijua: Tanzania iko EAC na SADC, Kenya iko EAC na COMESA. Huko mambo yamesokotana zaidi.

Kabla hujasoma uchambuzi wowote, chora jedwali. Safu za kulala ziwe nchi, kuanzia Mauritania hadi Sudan. Za kusimama ziwe ECOWAS (jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi), UEMOA (umoja wa nchi za Afrika Magharibi zenye sarafu moja), CEMAC (jumuiya ya uchumi na sarafu ya Afrika ya Kati), AES (muungano wa Mali, Burkina Faso na Niger), UMA (umoja wa nchi za Kiarabu za Maghreb, yaani Afrika Kaskazini) na CEN-SAD (jumuiya ya nchi za Saheli na Sahara). Usitie alama ya vema tu, andika tarehe ya kuingia na ya kutoka. Mauritania ilikuwa mwanzilishi wa ECOWAS mwaka 1975, ikajitoa mwaka 2000. Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza kujitoa tarehe 28 Januari 2024, lakini mkataba unadai notisi ya mwaka mzima, kwa hiyo zilihesabika nje kuanzia tarehe 29 Januari 2025. Ukichukua takwimu za "ECOWAS" za miaka miwili hiyo, hakikisha kwanza kama ni za nchi 15 au 12.

Tarehe hizo zina uzito wake barabarani. Januari 2022 ECOWAS na UEMOA ziliiwekea Mali vikwazo: mipaka ikafungwa, mali za serikali zikazuiwa katika benki kuu ya pamoja, BCEAO, na malipo ya hatifungani zake yakakwama. Waagizaji wa Bamako waliozoea bandari za Dakar na Abidjan wakageukia Nouakchott, kwa sababu Mauritania haikuwa mwanachama na haikubanwa na uamuzi ule. Anayelijua jedwali lake angeiona njia hiyo siku ileile.

Sasa fedha, na hapa wengi huteleza. Nchi tatu za AES zilipotoka ECOWAS hazikutoka UEMOA. Bado zinatumia faranga ya CFA ya BCEAO, ambayo msimbo wake ni XOF. Chad iko CEMAC na inatumia CFA ya benki kuu ya BEAC, msimbo XAF. Zote mbili zimefungwa kwa yuro moja kwa 655.957, ndiyo maana mtu huzijumlisha bila kufikiri. Thamani ni moja, ila ni sarafu mbili: mfanyabiashara wa N'Djamena, Chad, hawezi kulipa Niamey, Niger, kwa noti zake, lazima abadilishe na gharama imkate. Kagua msimbo wa sarafu kwenye kila jedwali la bei.

Kwa ushuru, ECOWAS na UEMOA zinatumia viwango vya pamoja vya 0, 5, 10, 20 na 35 kwa mia tangu 2015. Juu yake, Machi 2025 AES iliweka tozo ya asilimia 0.5 kwa bidhaa zinazotoka nje ya nchi zake tatu, misaada ya kibinadamu ikisamehewa. Shehena ya CFA milioni 20 inaongezewa 100,000. Ni kidogo kwa lori moja, lakini bidhaa kutoka Benin au Togo nazo zimo, ingawa ni nchi wenzao wa UEMOA. Fuatilia hapo.

Vikwazo vikitangazwa kuondolewa, usiandike "mpaka umefunguliwa". ECOWAS iliondoa vingi vya vikwazo vyake dhidi ya Niger Februari 2024, Benin ikafungua upande wake wa Malanville, lakini Niger ikaendelea kuufunga upande wa Gaya. Malori yakazungukia Togo na Burkina Faso, njia ndefu na ya hatari. Weka tarehe tatu tofauti: ya uamuzi wa jumuiya, ya amri ya kila serikali, na ya lori la kwanza kuvuka.

Takwimu za forodha zisome kwa tahadhari kubwa. Vitunguu vya Galmi, Niger, na ng'ombe wanaoswagwa kwenda kusini hawaandikwi wote, na mchele unaoingia Benin sehemu yake huishia Nigeria. Linganisha mauzo yanayoripotiwa na nchi moja na manunuzi ya jirani yake, kisha ulizia ushuru unaotozwa kwa kila kichwa kwenye minada ya mifugo.

UMA ya mwaka 1989 haihitaji muda mwingi: mpaka wa Algeria na Moroko umefungwa tangu 1994. CEN-SAD, iliyoasisiwa Tripoli mwaka 1998, ilimtegemea Gaddafi na ikadhoofika baada ya 2011. Hata Kenya ni mwanachama, kwa hiyo uanachama wake peke yake usiutumie kuthibitisha ukaribu wowote.

Muda huo upe OMVS, shirika la Mto Senegal la mwaka 1972. Bwawa la Manantali liko ndani ya Mali, lakini ni mali ya pamoja. Umeme wa mitambo yake mitano ya megawati 40 kila mmoja unagawanywa hivi: Mali asilimia 52, Senegal 33, Mauritania 15. Umeme uliachwa nje ya vikwazo vya 2022.