Nusu lita ya siki ya mkaa kwa ndoo moja? Mkuu, weka chini hilo bomba!

Umeuliza kama nusu lita ya hiyo siki, yaani maji ya moshi wa mkaa, kwenye ndoo ya lita 10 inatosha kwa vidukari, wale wadudu wa mchicha, na itakayobaki umalizie mende wa jikoni. Mkuu, hiyo ni 1 kwa 20, kipimo cha kuua magugu! Vidukari sijui, ila mchicha utazika.

Mimi nilishauzika, hapa hapa Mbezi. Tuta zima limefika kuchumwa, mama wa genge ameshatoa advansi. Muuzaji, siki yake kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo, ananiambia "ikiwa kali ndo inafanya kazi, braza". Nikapiga saa saba mchana, jua la Januari. Jioni majani yote kahawia, yamejikunja. Advansi nikarudisha, mbegu nikanunua upya, na mke wangu mpaka leo nikileta mchicha anauliza huu nao umechomwa? Vidukari walihamia kwenye bamia za jirani, wazima wa afya. Angalau mtu alipata mifugo.

Na jamaa alinipiga siki mbichi. Hii kitu ni moshi wa tanuri la mkaa uliopozwa ukawa maji, na una lami ndani. Inatakiwa itulie miezi mitatu au zaidi: lami izame, mafuta mepesi yaelee, uchote ya katikati, ya kahawia inayopitisha mwanga. Yangu ilikuwa nyeusi kama oili chafu, ikaziba nozeli. Halafu eti niongeze majivu "ishike". Majivu! Siki ni asidi, majivu yanaikata makali humo humo ndooni. Bado kidogo angeniambia nichome na ubani.

Sasa sikiliza: SINDANO. Duka la dawa, bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe. Vuta siki bomba moja lijae, tia kwenye lita 10 za maji. Hiyo ni 1 kwa 500. Piga mche mmoja wa pembeni, jioni, chini ya majani. Subiri siku mbili tatu. Haujaungua? Piga tuta. Wadudu wakirudi ongeza kidogo kidogo, usivuke mililita 50 kwa ndoo hiyo ya lita 10. Inafukuza zaidi kuliko kuua, kwa hiyo utarudia. Usipime kwa jicho, wala kwa kizibo, wala kwa mdomo wa muuzaji.

Kama ndoo umeshaichanganya, kamwage kwenye magugu yanayoota katikati ya pevingi. Huko kipimo chako kiko sawa kabisa.