Tingatinga wanakopi tu?

SWALI: Shikamoo mhariri. Kila nikipita Msasani naona picha za Tingatinga, chui yuleyule, tembo walewale. Hivi hawa wachoraji wana ubunifu au wanakopi tu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kukopi kupo na hawafichi, ndo walivyofundishana. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar 1968 bila kusomea sanaa popote, akawaita ndugu zake wakajifunza kwa kumwangalia, na alipofariki 1972 kwa risasi ya polisi wao ndo wakaendeleza, unaanza na mnyama wa mwalimu wako mpaka mkono uzoee halafu utajua mwenyewe unaenda wapi.

Ila simama uwaangalie wakiwa kazini. Hawahangaiki na rangi za bei mbaya, ni ile ya mafuta ya kupakia nyumba na baiskeli, mwanzoni walipaka kwenye hadibodi siku hizi turubai. Kwanza background yote, inaachwa ikauke kabisa, maana ukiwahi rangi zinaingiliana na kazi imeharibika, ndo anakuja mnyama, mwishoni madoa, moja moja kwa ncha ya brashi. Chui wa mchoraji hafanani na wa mbugani, na mchoraji hajakosea, anachora chui anavyomjua yeye kichwani, macho makubwa, mkia umejikunja ili aenee kwenye fremu.

Kinachoniudhi mimi ni wateja, wanataka Big Five tu, yaani simba, chui, tembo, nyati na kifaru. Siku ukienda waulizie picha za mashetani au za hospitali, zipo, ukubwa wa meza na watu wamejaa kama stendi.