Kamishna wa barabara yetu anataka kwenda Austin, tumpe kura?

SWALI: Salaam mhariri. Mimi ni muuguzi huku Texas magharibi, kaunti ndogo sana, ng'ombe ni wengi kuliko watu. Kamishna wetu wa kaunti, yule tunampigia simu mvua ikiharibu barabara, ametangaza anagombea ubunge wa jimbo kule Austin, makao makuu ya Texas. Mume wangu ameshakuwa raia na ana kura, mimi bado niko na grinkadi. Yeye anasema jamaa lazima ajiuzulu kwanza kama watumishi wa umma kule Kenya, mimi nasema huyu ni kama MCA tu, yule mjumbe wa bunge la kaunti kule Kenya, anataka kuwa mbunge. Nani yuko sawa? Halafu mbona anaomba kura mwezi wa pili na uchaguzi ni Novemba? Na mimi nikimsaidia kampeni nitajiletea shida? — Mama Wawili, Texas

JIBU: Mama Wawili, nyote wawili mmekosea kidogo na mmepatia kidogo, kwa hivyo msilale mzungu wa nne kwa sababu ya hii siasa.

Kinachowachanganya ni hilo neno kaunti. Kwetu Kenya ziko 47, kila moja na gavana wake na bunge lake. Texas peke yake iko na kaunti 254, na kuna moja inaitwa Loving sensa ya 2020 ilipata watu 64, yaani kamati ya harusi ya kwetu inaweza kuishinda hiyo kaunti kwa wingi. Na kaunti ya huko si serikali ndogo yenye sheria zake, inafanya yale tu ambayo sheria ya jimbo imeiruhusu. Inaendeshwa na kitu kinaitwa korti ya makamishna, jina lisikutishe, ni jaji wa kaunti na makamishna 4 wamekaa mezani wanapitisha bajeti na kubishana kuhusu greda. Kwa hivyo kamishna wako si MCA, kazi yake inakaribia zaidi ile ya ofisa wa barabara anayejua kila kalavati kwa jina.

Sasa kujiuzulu. Katiba ya Texas inasema ofisa wa kaunti akitangaza kugombea kiti kingine na bado amebakisha zaidi ya mwaka 1 na siku 30 kwenye muhula wake, basi papo hapo amehesabika amejiuzulu, hakuna barua wala nini, mdomo wake ndio barua. Ataendelea kukalia kiti mpaka jaji wa kaunti ateue mtu, lakini kiti si chake tena. Muulize mumeo kamishna wenu ni wa eneo namba ngapi. Wa 1 na 3 huchaguliwa mwaka wa uchaguzi wa rais, wa 2 na 4 mwaka ule wa gavana. Kama ni wa 1 au 3 na alichaguliwa 2024, akigombea ubunge 2026 ameshaachia ukamishna hata kabla kura haijapigwa. Kama ni wa 2 au 4 muhula unaisha Desemba 2026, huyo anaweza kumaliza akiwa kitini, na ndio maana wengine utawaona kimyaa Novemba yote ya mwaka unaotangulia uchaguzi halafu Desemba ikiingia, muhula umebaki chini ya ule mwaka 1 na siku 30, wanapata sauti ghafla. Mimi huwa naangalia hapo kwanza, aliyeachia kiti cha uhakika ana njaa tofauti na yule asiye na cha kupoteza.

Na asikudanganye mtu kwamba anafuata mshahara. Mbunge wa jimbo Texas analipwa dola 7,200 kwa mwaka, na posho ya siku za vikao. Kwenye kaunti nyingi kamishna anapata zaidi ya hapo. Bunge lenyewe linakaa siku 140 tu kila baada ya miaka 2, miaka ya witiri, kuanzia Januari.

Kinachowasukuma wengi ni bili. Austin wanapitisha sheria, kaunti inalipa. Jela ni ya kaunti. Wakili wa mshtakiwa asiye na pesa, sehemu kubwa ya gharama inaangukia kaunti, na kesi moja kubwa ya mauaji inaweza kumeza hela ya kaunti ndogo mpaka changarawe ya barabara ikakosa pa kutoka. Wakati huohuo sheria ya 2019 imewabana, kaunti ikitaka kuongeza makusanyo ya kodi ya ardhi na nyumba zilizokuwepo kupita asilimia 3.5 irudi kwa wapiga kura kwanza, ingawa ndogo ndogo zimeachiwa upenyo fulani. Mtu aliyekaa miaka 4 akipokea hizo bili anaweza kuwa mbunge mzuri kweli. Anaweza pia kuwa mtu wa greda tu. Mbunge wa Texas anawakilisha kama watu 194,000, kwa sababu tangu 1964 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilisema maeneo ya bunge la jimbo yalingane kwa watu, kwa hivyo huko kwenu eneo moja linameza kaunti kibao na hawezi kujua kila kalavati tena. Akija kwenu msimsifu barabara, mwulizeni ile 3.5 angeipigia kura vipi.

Mwezi wa pili anaomba kura kwa sababu mchujo wa vyama ni Machi, na sehemu nyingi za mashambani chama kimoja kimeshika sana hivi kwamba aliyeshinda mchujo ameshinda, Novemba ni sherehe. Mumeo akingoja Novemba amechelewa. Hahitaji kadi ya chama, anafika tu na kusema anataka karatasi ya chama gani, ila kama hakuna aliyepita nusu watarudia mwezi wa tano na hapo harukii chama kingine.

Wewe na grinkadi yako unaweza kugonga milango, kupika chai ya mkutano, hata kuchangia dola zako, sheria inakuruhusu. Mwenye viza tu ndiye hachangii pesa, yeye atoe jasho la bure. Ila kura usiguse hata kwa utani, wala kujiandikisha, watu wamepoteza ukaaji wao kwa hilo. Na ukienda kufanya upya leseni ya gari utakuta swali kama unataka kujiandikisha kupiga kura, kikiwa kimeandikwa kiherufi kidogo na foleni nyuma yako ndefu. Soma polepole, jibu hapana, ndio uweke sahihi.